Uso wa Mke wa Ambwene

Ikombe, Matema
11 Februari 2024

Mwanangu Kisa,

Ugonile. Sisi tumeamka. Nyumba nzima ina afya isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limestaafu bila hata kuniaga. Asifiwe wangu anaendelea na duka lake la sabuni na vocha. Kaka zako wanavua, mbasa wamerudi kidogo. Mvua imetukalia kooni. Vyungu vyangu kumi na vinne nimevipanga chini ya kitanda nikisubiri jua, na kila nikishuka asubuhi lazima niangalie ninapokanyaga.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Masikio yangu yamegoma, na sitaki mtu anipigie kelele kama niliyemwibia. Nilifundisha shule ya Jumapili miaka thelathini, mkono huu bado unaandika. Asifiwe atavuka na barua hadi Matema, basi litaileta Dar, na wewe utajibu kwa karatasi.

Sasa sikia. Juzi Asifiwe alinionyesha kwenye simu yake picha ya saluni yako, siku mlipotimiza miaka mitano. Nikaona maua, nikaona keki, nikaona mama mmoja amesimama katikati. Nikauliza, huyu mama wa watu ni nani? Asifiwe akasema, mama, huyo si ndiye Kisa! Nikamwambia asinitanie. Kisa nimemlea mimi tangu ana miaka tisa, alipofiwa na mama yake, na uso wake nimeuosha kwa mkono wangu kila alipotoka kucheza matopeni. Huyu wa kwenye picha mashavu yamepanda mpaka yanasukuma macho, na mdomo wa juu umetangulia mbele peke yake. Nilidhani umeumwa na nyuki, nikakuombea.

Asifiwe ananiambia si nyuki, ni sindano, na kwamba watu wanalipia. Nataka nisikie kwako. Ni kitu gani hicho, na umekichoma mara ngapi?

Msalimie mumeo Ambwene.

Shangazi yako,
Damari


Dar es Salaam
3 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo! Pole na goti. Nimekutumia dawa ya kuchua na vitenge viwili, kondakta ameniapia vitafika. Ambwene yuko Mtwara kwenye kazi yao ya mabomba, anarudi mwisho wa mwezi, anakusalimu. Mimi mzima, saluni imejaa. Msimu huu tuna maharusi kila Jumamosi, na wiki iliyopita nilipamba watatu siku moja, nikamaliza wa mwisho huku gari lao linapiga honi nje.

Nyuki! Nilicheka mpaka wasichana wa saluni wakaja kuuliza kulikoni.

Ngoja nikueleze. Inaitwa fila. Ni kitu kama uji mzito, kinachomwa chini ya ngozi kujaza sehemu zilizobonyea. Mimi nilipougua malaria ile kali, mashavu yalianguka, unakumbuka. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, mteja mmoja akaniita bibi. Nikaenda kwa Dk. Lucy, daktari kamili wa ngozi, ana vyeti ukuta mzima. Akanichoma kidogo tu na nikarudi kuwa mimi. Haina uchawi. Baada ya miezi inayeyuka yenyewe mwilini, unaongeza.

Na ujue, Shangazi, kazi yangu ni uso. Bibi harusi akiingia mlangoni kwanza ananitazama mimi. Wewe mtu akitaka chungu anaangalia vyungu vyako, mimi bidhaa ninayo hapa hapa shingoni. Siku hizi wala sihangaiki na foleni ya kliniki. Kuna Angetile, binti wa Ipinda, mtu wetu kabisa, Kinyakyusa chake kimenyooka, anakuja saluni na mkoba wake, nusu saa kazi imekwisha. Ana mkono mwepesi huwezi kuamini.

Kwa hiyo lala usingizi. Mwanao anajua anachofanya.

Nakupenda,
Kisa


Ikombe
30 Machi 2024

Kisa,

Marahaba, na ndaga fijo kwa vitenge. Cha bluu nitavaa kesho Pasaka, cha njano Asifiwe amekiiba mchana kweupe. Dawa ya kuchua inanuka lakini goti limeitikia. Jua lilitoka siku nne nikachoma vyungu vyote, kimoja tu ndicho kilichopasuka, na Jumamosi soko la Lyulilo nikamaliza kabla ya saa nne.

Barua yako tamu. Ina kurasa mbili na haina jibu. Nilikuuliza mara ngapi. Umenieleza malaria, umenieleza vyeti vya daktari, umenieleza Angetile anaongea Kinyakyusa. Hata kuku wa Ipinda wanasikia Kinyakyusa, Kisa, na siwapi sindano.

Usinielewe vibaya, mimi sijawahi kukataza urembo. Nikiwa msichana nilijichanja mashavu kwa wembe nikapaka masizi, baba yangu akanichapa, na chale zile zimenipatia mume. Ninachouliza ni kingine. Yule daktari mwenye vyeti, kwa nini umemwacha? Ukiniambia foleni, sitaamini. Ulipokuwa mdogo ulipanga foleni kisimani tangu alfajiri ili ndoo yako iwe ya kwanza, na ulifurahi.

Aliyekufundisha kudanganya kwa kuongea sana ni mimi. Nilikuwa nafanya hivyo kwa mchungaji. Kwa hiyo usinipige chenga.

Pasaka njema.
Damari


Dar es Salaam
21 Aprili 2024

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mvua imekata barabara, wateja wawili wameahirisha, mmoja amekuja na mashua ya jirani, si utani.

Mara nne. Umefurahi?

Na Dk. Lucy tulitofautiana kidogo tu. Alisema panatosha, nirudi baada ya mwaka. Mwaka mzima! Madaktari ni waoga kwa kazi, wanajilinda wao.

Ambwene amerudi, anasema nimependeza.

Kisa


Ikombe
9 Juni 2024

Mwanangu Kisa,

Salamu nyingi, na pole tena kwa msiba wa shangazi wa Ambwene. Goti halikunifikisha Makwale kwa wakwe zako, lakini habari zimenifikia mpaka mlangoni. Huku mpunga umevunwa, watu wanaanika kila penye sakafu, hata uwanja wa kanisa umejaa. Asifiwe amegombana na mbuzi wa jirani juu ya mpunga, mbuzi kashinda.

Sasa habari kubwa ya msiba ule ni wewe.

Wanawake wa Makwale waliokuja soko la Lyulilo walinizunguka. Wanasema mke wa Ambwene alikaa siku tatu amejitanda kitenge mpaka kwenye pua. Alikula nyuma ya jiko peke yake. Hakumsalimia mtu uso kwa uso. Wanasema mabinti wa siku hizi mila ya kumkimbia baba mkwe wameitupa, wanamshika mkono na kumwita baba kama mchungaji, lakini huyu wa Dar, mwenye saluni, ameishika kuliko bibi zetu. Mama mmoja alitokwa na machozi. Wananiambia, Damari, umelea. Na mimi nikasema, ndivyo nilivyomlea.

Baba mkwe wako, Mzee Yotamu, imemgusa zaidi ya wote. Unajua alivyo. Miaka sita tangu uolewe, hajakutia machoni. Siku ya harusi alikaa kiti cha nyuma kabisa, na ile picha yenu kubwa alimpa mkewe aifungie sandukuni asije akaiona kwa bahati mbaya. Sasa anasema amezeeka, na mkwe wa namna hii hataki kufa bila kumwona. Anataka kukufungulia, mila ile ya kukimbiana iishe kati yenu. Siku ya shukrani ya mavuno, Septemba, baada ya ibada, utasimama uwanjani kwake umefunua uso, mchungaji ataomba, na utapewa mtamba wa ng'ombe. Nimeshatuma neno kwa niaba yako kwamba utakuja.

Hayo ni ya sokoni. Sasa ya kwangu. Mila inasema mwanamke amfiche uso mtu mmoja, baba mkwe wake. Wewe uliwaficha watu mia mbili. Hata mama mkwe wako Elizabeth, ambaye mmezoea kusuka nywele pamoja, hakukuona. Kuna nini chini ya kile kitenge?

Damari


Ikombe
7 Julai 2024

Kisa,

Wiki nne. Basi haliendi mwezini. Nijibu.

Damari


Dar es Salaam
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nianze na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha: Ambwene yuko Mtwara, mzima. Saluni iko wazi. Mimi nakaa chumba cha nyuma, wasichana wanapokea wateja.

Si mara nne. Ni kumi na moja.

Nilianza na mashavu. Mashavu yakijaa, unaona mdomo umebaki mwembamba, unajaza mdomo. Ukijaza mdomo, kidevu kinaonekana kimeingia ndani. Na jicho linazoea, Shangazi, hilo ndilo sikuwahi kulijua. Kila asubuhi kwenye kioo nilikuwa naona pamepungua. Dk. Lucy aliponiambia panatosha nilimwona ana wivu. Angetile hakuwahi kusema panatosha hata siku moja.

Mwezi wa nne, baada ya kukuandikia ile ya jeuri, fila ya shavu la kulia ilianza kushuka na nyingine kupanda. Chini ya jicho pakawa na uvimbe kama kokwa, mgumu. Mdomo wa juu ukawa na vinundu, nikinywa chai inamwagika. Msiba ukaingia hapo hapo. Nisingeweza kukosa, ni shangazi yake Ambwene. Nikajitanda kitenge, na mama mmoja akaninong'oneza, vizuri sana binti, unamheshimu mzee. Nikanyamaza. Siku ya pili wote wakawa wananipisha njia kwa heshima, na mimi nikawa naikubali, Shangazi. Nilikuwa natembea kama malkia chini ya uwongo. Nilimsikia Mzee Yotamu akikohoa upande wa pili wa ukuta akasema, mwacheni mkwe wangu apite kwanza. Niliona aibu.

Na sasa mtamba! Nisimame mbele ya Makwale yote na uso huu?

Lakini usiogope, nimeshapanga. Angetile anasema tatizo ni kwamba pande mbili hazilingani. Akijaza kidogo pembeni ya pua na kule shavu la kushoto, uvimbe utamezwa, uso utakuwa sawa kabla ya Septemba. Anakuja Alhamisi. Simu nimezima, nataka utulivu.

Usikasirike.

Kisa


Ikombe
25 Julai 2024

KISA USICHOME.

Barua imefika leo Alhamisi saa sita. Asifiwe anapiga simu yako haipatikani, ameipigia saluni wanasema umetoka, amempigia Ambwene. Unakwenda kufukia shimo kwa kuchimba shimo? Usimruhusu yule binti hata akufungulie mkoba. Nenda kwa Lucy. Nenda na miguu kama hakuna gari. Mtamba nitamrudishia mzee mwenyewe, hata kama ni kwa kumbeba.

Asifiwe anakimbilia mtumbwi.

Shangazi


Dar es Salaam
20 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hali yangu nzuri leo. Naona kwa macho yote mawili. Nimeandika hilo mwanzo ili usisome barua nzima umeshika moyo. Asifiwe ameshakuambia kwa kifupi, lakini nataka upate kwangu.

Angetile alichoma saa tano asubuhi, saa moja kabla barua yangu haijakufikia. Sindano ya pembeni ya pua ilipoingia tu, ngozi ikawa nyeupe kama chokaa, na uchungu ukapanda mpaka ndani ya jicho. Nikapiga kelele. Angetile akasema ni kawaida, niweke barafu na nimeze panadoli. Na mimi nikakubali! Mimi Kisa, ninayefukuza wateja wakija na mkorogo wa mtaani, nilikaa na barafu usoni saa nne nzima, wasichana nimewaagiza waseme nimetoka. Kufika saa tisa pembeni ya pua pamekuwa zambarau yenye michirizi, kope limeshuka, naona ukungu. Ndipo Ambwene akaingia kwenye simu ya saluni, ananguruma kutoka Mtwara: Shangazi anasema nini, uko wapi, toka hapo sasa hivi.

Dk. Lucy hakunisema hata neno moja. Alinitazama, akavaa glavu. Aliniambia fila imeziba mshipa wa damu, ngozi ya pale inakufa kwa njaa, na mshipa ule una ndugu yake anayelisha jicho. Ikiingia huko unapofuka, na hakuna dawa ya kurudisha. Akauliza, amekuchoma fila ya jina gani? Ipo inayoyeyuka kwa dawa na ipo isiyoyeyuka kabisa. Shangazi, sikujua. Mara kumi na moja, hiyo ya kumi na mbili, sikuwahi kuuliza kichupa kimeandikwa nini. Nilimpigia Angetile, ikaita mara mbili, kisha ikazimwa.

Lucy akachoma dawa ya kuyeyusha hivyo hivyo, kwa kubahatisha. Sindano nyingi, saa baada ya saa. Ilifanya kazi. Si yote iliyoyeyuka, lakini jicho lilipona. Nililazwa siku tisa. Kipande cha ngozi pembeni ya pua, ukubwa wa harage, kilikuwa cheusi kikadondoka. Kovu litabaki. Mashavu yanayeyushwa pole pole, sasa hivi moja limelala na jingine limeamka, na mdomo una nundu moja isiyotaka kusikia. Lucy anasema hiyo huenda ni ya kichupa kingine, nitazeeka nayo.

Angetile nimemripoti. Kuna dada wawili wengine wamejitokeza.

Makwale siendi. Mwambie mzee naumwa. Safari hii si uwongo.

Mwanao,
Kisa


Ikombe
28 Agosti 2024

Mwanangu,

Nimesoma mwanzo wako mara tatu. Naona kwa macho yote mawili. Nikatoka nje nikaliangalia ziwa, nikarudi nikasoma tena. Hapa nyumbani wote wazima, na mbuzi yule wa jirani ameuzwa, Asifiwe anakusalimu kwa ushindi.

Mimi ninalo langu la kusema na limenikaa tumboni tangu mwezi wa sita. Mzee Yotamu hakuwa amepanga sherehe. Alisema tu kwamba siku moja angependa kukuona. Ni mimi niliyetuma neno, nikasema siku ya mavuno inafaa, Kisa atafurahi sana, tena alete mchungaji. Nilijua kuna kitu chini ya kitenge. Nikajisemea, nikimweka mbele za watu atalazimika kuacha sindano. Nilijiona mjanja. Badala yake nilikupa tarehe, na tarehe ile ndiyo iliyokupeleka kwa Angetile. Na zile pongezi za sokoni nilizila zote, Kisa, nilizila kwa mikono miwili. Nisamehe.

Ndiyo maana leo sikuamrishi. Lakini nakuambia ninavyoona. Mzee yule anawaambia wapita njia wote kuhusu heshima yako. Ameshamtenga mtamba, anamchunga mwenyewe. Ukituma neno kwamba unaumwa, atangoja mwakani. Mwakani utavaa kitenge tena, na mwaka mwingine tena. Utakuwa umetoka kwenye sindano ukaingia kwenye kitenge.

Nilikulea uwe na mdomo. Una nundu, sawa, lakini bado unaongea.

Damari


Makwale
23 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia hapa hapa uwanjani kwa baba mkwe, nimekaa kwenye kigoda cha mama Elizabeth, kakao inakauka mbele yangu na kuku wanainyemelea. Goti lako limekukosesha jambo, nitakusimulia lote.

Kwanza nimekusamehe. Pesa ya sindano niliitoa mimi, hukunishika mkono. Lakini usirudie.

Tulifika Jumamosi. Nilijitanda kitenge tangu kwenye gari. Jana asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, nilimwita mama Elizabeth jikoni nikafunua uso. Alishika kifua, akakaa chini. Nikamwambia kila kitu, tangu malaria mpaka harage. Nikamwambia, mama, siwezi kusimama mbele ya mchungaji nipewe mtamba wa heshima ambayo sikuwa nayo. Nataka baba ajue kwanza.

Sasa fikiria, mimi siruhusiwi kumsemesha. Yeye alikuwa kwenye baraza, mimi jikoni, kati yetu ukuta wa matofali ambao hata paka akipiga chafya unasikia. Mama Elizabeth akasimama mlangoni awe mjumbe. Nikasema, mwambie baba kwamba kwenye msiba sikuwa namkimbia yeye. Mama akageuka, akarudia neno kwa neno. Nikaendelea. Mwambie niliuharibu uso wangu kwa sindano za urembo, nikawa nawaficha watu wote, na waliponisifu nikanyamaza. Mama akarudia. Mwambie mtamba simstahili.

Mzee alikohoa. Akasema, mwambie nimesikia. Halafu akasema, mwambie mtamba anarudi zizini.

Nilicheka, Shangazi! Nilicheka na machozi yananitoka, na nilimsikia Ambwene naye anacheka huko nyuma ya nyumba alikokuwa amejificha, mwoga yule. Mzigo ulinitoka mabegani. Nikajua nimekwisha kusamehewa au nimekwisha kufukuzwa, lolote kati ya hayo mawili ningelibeba.

Kisha mzee akasema, mwambie lakini mchungaji ameshaalikwa.

Baada ya ibada watu walijaa uwanjani, wale wale wa msibani. Nikasimama katikati nimejitanda. Mchungaji akaomba sala fupi. Mzee Yotamu akatoka ndani na fimbo yake, mara ya kwanza kwa miaka sita kumwona akinijia badala ya kunipisha. Ni mfupi, hukuwahi kuniambia! Nikavua kitenge.

Ulisikika mguno. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, jamani, uso umefanya nini? Mwingine akaanza kusimulia nilivyokuwa siku ya harusi, ngozi yake, mashavu yake, alikuwa mzuri yule. Nilitamani kukirudisha kitenge, mkono ukaanza kwenda wenyewe.

Mzee akainua fimbo, wakanyamaza. Alinitazama muda mrefu, kovu, nundu, shavu lililolala na lililoamka, hakuruka kitu. Kisha akawageukia wale wanawake.

"Ninyi mnasema amebadilika," alisema. "Mimi yule wa zamani sikumwona. Mke wa Ambwene ninayemjua ndiye huyu."

Akabadilisha fimbo mkono, akaninyooshea ule wa kulia. Nikaushika, Shangazi, na sikuuachia upesi.

Mwanao,
Kisa